Tupeane uzoefu: neno la Kinyarwanda "ubwoko", kwenu mlisimuliwa nini?

Wakuu, kila Aprili nasoma watu wakiandika kana kwamba mauaji ya kimbari ya Watutsi wa Rwanda yalianza usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa. Mimi ni mzaliwa wa Karagwe. Mama alivuka mpaka 1959 akiwa mgongoni kwa bibi; mjomba, kaka yake mkubwa, akabaki Butare, kusini mwa Rwanda. Bibi alikuwa akisema kwamba zamani ukimuuliza mtu ubwoko wake anakutajia ukoo: Msinga, Mzigaba, Mnyiginya. Na katika Wasinga walikuwemo Wahutu, Watutsi na Watwa. Mbelgiji alipoanza kugawa vitambulisho miaka ya 1930, ubwoko ukawa jambo jingine: Uhutu, Ututsi au Utwa.

Kadi ya mjomba nimewahi kuiona kwenye picha. Maneno manne yamechapwa mstari mmoja: Hutu, Tutsi, Twa, naturalisé (aliyepewa uraia). Karani kakata matatu kwa kalamu. Mtoto alirithi la baba, basi.

Aliye na lake aweke.

Dawati la nyuma: Nilisoma shule ya msingi Rwanda kabla ya 94. Mwalimu akasema Watutsi wasimame, anahesabu. Sikujua nisimame au nikae, nikasimama na rafiki yangu wa dawati moja. Darasa zima likacheka. Nikatumwa nyumbani nikamuulize baba. Baba alinyamaza kwanza, akaendelea kunoa jembe, ndipo akanijibu.

Mjukuu wa mkulima: Poleni, ila msimtwike Mbelgiji kila kitu. Uburetwa, ile kazi ya bure kwenye shamba la chifu, ilianza enzi za mwami (mfalme) Rwabugiri, Mjerumani hajafika, na mzigo uliwaangukia Wahutu. Mbelgiji alikuta mstari wa mkaa akaupiga wino. Aliwang'oa machifu wa Kihutu waliokuwepo, akamwondoa mwami Musinga 1931, akaja na hadithi iliyoanzia kwa wapelelezi wa Kizungu kina Speke kwamba Watutsi ni wageni waliozaliwa kutawala. Babu yangu alikuwa na makovu ya kiboko mgongoni (hata neno lenyewe wanaita ikiboko). Aliyemchapa ni Mtutsi wa kilima cha pili. Mzungu aliyetoa amri babu hakuwahi kumwona, kwa hiyo chuki yake yote ilikaa kwa jirani.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1950 Mbelgiji huyohuyo akageuka, akawaunga mkono Wahutu. Machifu wakabadilishwa, kadi zikabaki vilevile. Kina Kayibanda, rais Mhutu, walipopata nchi 1962 wangeweza kuzifuta. Hawakufuta. Hilo si la Mbelgiji.

Mwenyeji wa Ngara: Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Mwisho wa Aprili 94 walivuka daraja la Rusumo kama robo milioni kwa siku moja hivi, wakaenda kupiga kambi Benaco. Wengi walikuwa Wahutu, na waliokuwa wameua walikuwa humohumo. Pale mpakani mapanga yalirundikwa kama kuni. Chini ya daraja Kagera inapita na maiti. Nyumbani samaki hakuliwa muda mrefu, na baba alikuwa anampenda sana sato.

Dawati la nyuma: Mkuu wa mada, mjomba je?

Mleta mada: Butare walichelewa kuanza, mpaka mkuu wa mkoa aliyekuwa akizuia alipoondolewa. Mjomba alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani wiki iliyofuata, akaombwa kadi. Mkaza mjomba alikuwa nyuma yake na mtoto. Anasema mmoja wa waliokuwa pale alikuwa Msinga kama mjomba, walijuana tangu ujana. Akifika hapo hubadilisha mazungumzo.