Fundi kabandika utepe mweusi juu ya taa ya upepo wa tairi, na mimi nimekaa humo humo ndani ya gari!

Wakuu, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Yule fundi wa matairi mnayemjua wote, yule wa "hakuna gari lililonishinda", leo kanimaliza. Simtaji. Mkifika kwenye utepe mtamjua wenyewe.

Nina seti ya pili ya magurudumu, rimu nne na matairi yake, nataka niwe nabadilisha bila taa kuniwakia. Nikamwambia mapema, nikamwandikia hadi kwenye karatasi: gari langu linasikiliza sensa (vile vidude vya ndani ya tairi vinavyopima upepo na kulipa gari habari kwa redio) za masafa ya megahezi 433, usiniletee za 315, gari halitazisikia. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda kuleta za 315. Zote nne! Boksi nimekuja kuliona matairi yameshapandishwa, yameshajazwa, yameshabalansiwa.

Na moja alikuwa ameshaivunja. Mkono wa mashine ya kupandishia matairi unatakiwa uanzie mbali na valvu, maana sensa imekaa hapo hapo kwa ndani. Yeye akaukita juu yake kabisa. Nilisikia "kha!" ndani ya tairi, nikamuuliza, akasema ni mpira unajipanga.

Nikawasha gari. Taa ikapepesa kama dakika nzima, kisha ikatulia ikiwaka. Hiyo ya kupepesa kwanza siyo upepo mdogo, ni mfumo wenyewe una hitilafu, hausikii sensa. Yeye: "Upepo huo, bosi." Akaongeza. Taa vilevile. Akaongeza tena. Kibandiko cha kipimo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, hakukitazama hata kwa bahati mbaya. Matairi yakawa magumu, ukiyagonga yanalia kama kengele.

Hapo ndipo alipoingiza kichwa dirishani, akakata utepe wa umeme kwa meno, akaubandika juu ya taa, akausugua kwa dole gumba lenye grisi. "Tayari, bosi."

Tayari! Alama ya dole lake ipo kwenye dashibodi yangu. Mate yake yapo. Na pembeni ya utepe kimwanga cha njano bado kinachungulia. Utepe, wakuu. Juu ya taa ya usalama. KWA MENO.

Nati Legevu: Hahaha nimemjua kwenye "bosi" tu, hata sijafika kwenye utepe. Pole mkuu.

Jeki Kongwe: Umeandika kama umefiwa. Sisi tumeendesha miaka yote kwa kulipiga tairi teke asubuhi na kuendelea na safari. Sensa ni mapambo.

Rimu ya Nne: @Jeki Kongwe mapambo? Marekani walitunga sheria mwaka 2000 baada ya matairi kuchanika barabarani na watu kufa, gari jipya dogo la kuanzia modeli ya 2008 haliuzwi kule bila mfumo huo. Ulaya ni lazima kwa magari madogo mapya yote ya abiria tangu Novemba 2014. Teke lako haliwezi kukwambia tairi limepungua robo ya upepo.

Jeki Kongwe: Teke langu lina uzoefu kuliko hiyo Ulaya.

Mama Spea: Mleta uzi, kosa ni lako pia. Sensa hununui kwa kumwachia fundi. Tafuta zile zinazoprogramiwa, zisomwe namba za sensa za seti yako ya kwanza, zinakiliwe kwenye mpya. Gari halitajua umebadilisha magurudumu. Na kabla ya yote hakikisha gari lina sensa kweli, mengine yanakadiria upepo kwa mzunguko wa gurudumu kupitia ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge), ndani ya tairi hamna kitu. Kuna mtu hapa alinunua nne bure.

Mleta uzi: Mama Spea nashukuru, lakini mbona utepe hujauzungumzia? Kaukata kwa MENO.

Mama Spea: Utepe unabanduka, baba. Sensa iliyovunjika haibanduki.

Nati Legevu: Mimi aliniwekea sindano ya shaba (kile kipini cha ndani ya valvu kinachozuia upepo) kwenye valvu ya alumini. Baada ya muda zikashikana kutu, kuifungua ikakatikia ndani. Sensa nzima ikaenda kwa ajili ya kasindano. Inatakiwa iliyopakwa nikeli!

Bonde la Grisi: Hizo zenu ndogo. Mimi kanikazia nati za gurudumu kwa bunduki ya upepo mpaka stadi mbili (bolti zinazoshika nati) zikakatika. Namwambia tumia spana ya kipimo, ananijibu mkono wake ndio kipimo.

Rimu ya Nne: Huyo ni mwingine, wa kwangu ndiye anasema mkono wake kipimo.

Bonde la Grisi: Basi wako wawili, tumekwisha.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye utepe. Nimeubandua sasa hivi, gundi imebaki, taa inaonekana kama ina ukungu.

Jeki Kongwe: Usiubandue, ndio ulikuwa unakusaidia kulala.

Kioo Kipana: Wakuu samahani kuingilia, sensa zangu za kiwandani zina miaka 9, mbili zimekufa. Fundi anasema abadilishe betri tu. Inawezekana?

Mama Spea: Betri imefungiwa ndani ya gundi ngumu, haibadilishwi. Nyingi zinaishi miaka 5 hadi 10. Ukibadilisha hizo mbili, badilisha na nyingine, zinafuata nyuma.

Kioo Kipana: Basi kaniongopea. Na huyo huyo ndiye alipanga magurudumu, usukani ukabaki umepinda kushoto!

Bonde la Grisi: USUKANI! Subiri nikusimulie wa kwangu.

Nati Legevu: Simulia, tupo.