Chupa ya Chai ya Watu

Kikundi: Ukoo wa Bibi, Mikindani

Jumapili jioni

Mimi: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo? Nina jambo naomba tulizungumze kabla Krismasi haijatukuta.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Sema, tupo. Bibi yuko hapa, namsomea.

Mimi: Mwezi wa tatu Mama alilazwa siku 19, na sote tunajua alikotolewa. Jana nikawa nasafisha kabati la jikoni, nikaikuta ile chupa ya chai nyekundu, yenye kifuniko kilichopasuka ukingoni na kuzungushiwa mpira wa baiskeli. Nilikaa chini. Ile chupa si yetu. Ni ya yule mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa anamuuguza mama yake mzazi.

Siku ya nne baada ya upasuaji Mama aliruhusiwa kunywa. Mimi nilikuwa nimekwama na mvua, sijafika. Yule mama akammiminia uji wa mtama kutoka kwenye chupa hiyo, akamshika kichwa, akamnywesha. Tangu siku ile kila alfajiri alikuja na uji wa wagonjwa wawili. Siku ya 12 mama yake akafariki. Walimchukua usiku uleule, chupa ikabaki kwenye kimeza chetu, ina uji nusu.

Miezi tisa iko kwangu. Namba yake sikuchukua. Hata pole ya msiba sikumpa vizuri.

Mama: Mimi namkumbuka kila nikishika kikombe.

Mimi: Ndiyo maana nasema, mwaka huu zawadi za sisi kwa sisi tuziache. Tuwaendee waliotushika mkono wakati ule, mlango kwa mlango, na kila nyumba itengeneze kitu kwa mikono yake, hata kashata za korosho.

Kaka (Dar): Mdogo wangu, wazo ni zuri. Ila mimi naona tuchange. Kila nyumba 30,000, ninunue vitenge hapa Kariakoo, niviweke kwenye basi la usiku. Watu wameamka alfajiri kwa ajili ya mama yetu, halafu tuwapelekee kashata? Naona tutawapunja.

Mjomba (Newala): Asalaam aleikum. Nisiwafiche. Hela ya korosho ya minada ya mwanzo yote ilikwenda kulipa madeni ya matibabu ya dada. Sijuti hata shilingi. Lakini 30,000 leo sina. Korosho zenyewe ninazo, nilibakiza kama kilo 15 za ghafi kwa ajili ya nyumbani.

Mama: Mdogo wangu, hilo la madeni hukuniambia.

Mjomba (Newala): Ningekwambia ungeacha dawa ukaanza kuhesabu.

Mama: Mungu akuzidishie. Sina neno.

Baba: Bwana asifiwe. Luka 17, wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Nimelisoma lile neno kanisani miaka na miaka nikijua linasema watu wengine. Leo naona sisi tumo katika wale tisa.

Mjomba (Newala): Shemeji, na sisi tumefundishwa hivyohivyo. Mtume (s.a.w.) amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Dada (Lindi): Mimi naungana na Kaka kidogo. Wengine wana shida ya mchele, si ya kashata.

Mimi: Dada, mwenye shida ya mchele tumpelekee mchele, sipingi. Ninachosema ni kwamba tusimtume kondakta. Tuende sisi.

Mama Mdogo: Subirini. Bibi amerekodi ujumbe wa sauti, lakini upepo mwingi, naandika alivyosema:

"Wajukuu zangu. Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa nilikuwa na mimba ya mjomba wenu, na mama yenu nimembeba mgongoni. Tulikuwa na mkeka mmoja na sufuria moja. Nyumba ilikuwa miti tu, haijakandikwa. Jirani niliyepangwa naye simjui, lugha yake siijui vizuri, na dini yake nyingine. Jioni akaja na kikapu kidogo cha miyaa, ndani makopa, na mkono wa pili kaa la moto kwenye kifuu cha nazi. Hakukaa. Akasema, 'Na mimi nimefika juzi.' Akaondoka.

Makopa tulikula yakaisha. Kikapu nikakifumua. Nilitaka kujua ameanzaje kitako, maana kwetu sikufundishwa kusuka. Nikasuka upya, kikapinda. Nikafumua tena. Vikapu vyote mlivyobebea maembe kwangu tangu mko wadogo, kitako chake ni kile cha yule mama. Yeye ameshatangulia, na nilipokwenda kumwambia asante alikuwa ameshahama na mumewe. Sikuwahi. Mjukuu wangu wa Dar, vitenge nunua kama Mungu amekujalia. Lakini uje na mikono yako."

Kaka (Dar): Shikamoo Bibi. Nimekusikia. Ijumaa usiku napanda basi. Nibebe nini?

Mama Mdogo: Bibi anasema marahaba. Sukari kilo 4 na hiliki. Ndimu zipo.

Jumamosi

Mama: Mbona kimya huko Mikindani? Mimi na baba yenu tumekaa hapa Mtwara tunatazama simu tu.

Mimi: Tupo Mama, mikono ina majivu, nashika simu kwa kidole kimoja. Mjomba alifika saa mbili na gunia lake. Amekaanga ghafi nyuma ya nyumba kwenye kipande cha debe kilichotobolewa. Mafuta ya maganda yakashika moto, moshi mweusi mpaka kwa jirani, akazimwaga chini na kuzifukia mchanga. Sasa tumekaa duara kwenye mkeka, kila mtu na jiwe lake. Bibi anabangua kwa pigo moja, anageuza korosho ikae kwa mgongo, ta, ganda linafunguka sehemu mbili na korosho inatoka nzima. Sisi wengine tunaponda.

Kaka (Dar): Mama, vidole vyangu viwili vimebabuka. Nilijiona najua nikakataa kupaka majivu ya kujikinga. Sikujua kwamba ganda lina ukali hivi. Nilikuwa nakula tu.

Mama: Pole baba. Paka mafuta ya nazi.

Kaka (Dar): Bibi ameshanipaka. Alinishika mkono kama nina miaka mitano. Mama, nilipokuwa Dar wakati unaumwa nilituma hela kila wiki, nikawa najiona nimemaliza. Sikukushika hata kichwa. Hilo lilikuwa linanikaa kifuani, leo nimelisema.

Mama: Mwanangu, ile hela ilininunulia damu na dawa. Usijihukumu. Umekuja.

Dada (Lindi): Mimi zamu zimenibana, siwezi kufika kabla ya sikukuu. Mama Mdogo nipe vipimo, nitengeneze za watu wa huku.

Mama Mdogo: Vikombe viwili vya korosho za vipande, zikaange kavu mpaka zinukie, weka pembeni. Kikombe kimoja na nusu cha sukari, maji robo kikombe, moto mdogo. Usikoroge sana. Ikianza kuvuta uzi ukiinua mwiko, kamulia ndimu matone machache, weka hiliki, mimina korosho, geuza harakaharaka. Sinia liwe limeshapakwa mafuta. Tandaza, kandamiza kwa chupa, kata papo hapo ikiwa moto. Ukiiacha ikapoa haikatiki tena, inavunjika ovyo. Na sukari ikiwa kahawia sana itakuwa chungu, mwaga uanze upya, usimpe mtu kitu ambacho wewe hukili.

Dada (Lindi): Nimeandika. Asante sana mama yangu.

Mimi: Kilo 15 zimetoa kama kilo 3 na nusu tu. Nahofu hazitatosha, majina yamefika 14.

Mama Mdogo: Kata vidogo. Mtume alimwambia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji, awakumbuke jirani zake.

Baba: Nakumbuka mwaka 2015 Maulidi na Krismasi zilifuatana, Bibi akapika pilau ya siku mbili. Jikoni kwake sijui nani alikuwa mgeni wa nani.

Mimi: Majina yenyewe ni haya, nisahihisheni. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakataa nauli ya asubuhi. Wale kina mama watatu wa mtaani waliofua mashuka. Mzee wa nyumba ya kona aliyelala barazani kwetu kulinda nyumba. Fundi aliyemkopesha Baba baiskeli. Jumuiya ya kanisani. Mwalimu wa madrasa aliyemsomea Mama dua, naye hakuulizwa, alikuja mwenyewe. Wengine mnawajua.

Mama: Na yule mama wa uji. Nimekaa nakumbuka usiku kucha. Aliniambia kwao ni upande wa Mahuta, nyumba inatazamana na msikiti, mbele kuna mwembe uliopigwa na radi upande mmoja ukabaki kuzaa upande wa pili. Alikuwa anautaja mara kwa mara, kwamba mama yake akipona watakaa chini yake.

Mjomba (Newala): Mahuta si mbali na kwangu. Mwembe wa namna hiyo nitauliza hata kwa watoto. Nileteeni hiyo chupa, narudi nayo alfajiri ya mkesha.

Mimi: Nimeshaiosha. Ule mpira wa baiskeli nimeuacha.

Mama: Msiifunge. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Nitapika mimi.

Mimi: Mama, daktari alisema usisimame muda mrefu.

Mama: Nitakaa kwenye kigoda. Naomba jambo hili msininyime.

Mkesha wa Krismasi

Baba: Mama yenu ameamka saa tisa usiku. Amekuna nazi mwenyewe, nusu tu, nyingine nimekuna mimi. Uji wa mchele na tui. Hii ni mara ya kwanza anapika tangu mwezi wa tatu. Alipokuwa anakoroga alikuwa anaimba taratibu. Nimesimama mlangoni sikuingia.

Mjomba (Newala): Nimeipokea ina moto. Na kikapu cha Bibi kina kashata, amefunika jani la mgomba. Bismillahi, naondoka.

Kaka (Dar): Mimi na mdogo wangu tumeshapita nyumba sita. Yule kijana wa bodaboda alikuwa kijiweni na wenzake, akafungua pale pale, akawagawia wote. Akaniuliza, "Hizi mmebangua wenyewe?" Nikamwonyesha vidole.

Mimi: Mzee wa kona hakusema kitu. Alishika kikapu akakigeuza akatazama kitako muda mrefu. Halafu akasema kazi hii anaijua.

Saa tisa alasiri

Mama: Mdogo wangu, kimya sana. Umefika?

Mjomba (Newala): Nimefika dada, nilikuwa siwezi kuandika mbele yake. Mwembe nimeupata, uko kama ulivyosema. Nilimkuta anapeta mtama uani. Nikasema hodi, nikatoa chupa kwenye mfuko bila kueleza. Aliitazama, akaacha ungo ukaanguka. Akauliza, "Yule mama yuko hai?" Nikasema yuko hai, na uji huu amepika yeye leo usiku. Akakaa chini pale pale kwenye mtama.

Mama: Ee Mungu.

Mjomba (Newala): Amekunywa kikombe kizima polepole. Kingine amempelekea baba yake, mzee haoni vizuri, akamwambia "huu ni wa yule mwenzake mama." Kisha tukaenda kaburini, ni nyuma ya nyumba, nikasoma Fatiha. Anasema tangu msiba hakuna mtu wa wodini aliyewahi kufika. Ile chupa ilikuwa ya mama yake, aliitafuta sana.

Mimi: Na sisi tulikuwa nayo kabatini.

Mjomba (Newala): Usilie mpwa wangu. Nilimwambia. Akasema, "Kama mngeirudisha siku ileile ningeitupa."

Baba: Amina.

Mjomba (Newala): Sasa kuna jambo. Nilipoaga akanizuia. Ameingia jikoni, ametwanga, amepika, na amejaza chupa tena. Uji wa mtama. Anasema mwenzake hakuumaliza ule wa siku ya mwisho. Chupa ninayo mapajani, niko kituoni nasubiri gari la kushuka Mtwara.

Mama: Usiifungue njiani. Nisubirieni, nataka kuifungua mwenyewe.