Matembezi ya ufukweni Jambiani: maji yatakupwa saa ngapi, na niandike nini kwenye daftari?

Mwanadaftari
Habari zenu wakuu. Nataka kuanza matembezi ya kila wiki pwani ya Jambiani, Zanzibar, niandike upepo, mawingu, maji na viumbe. Nina daftari, penseli na saa ya mkononi; jedwali la maji sina. Nitajuaje maji yatakupwa saa ngapi? Na niingie mwambani mpaka wapi bila maji kunizingira?

Bamvua17
Hesabu kwa mwezi, ndugu. Pwani hii, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa kwenye saa kumi. Basi tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu anzia saa nne, kisha ongeza kama dakika 40 kwa kila siku. Ukikaribia maji mafu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, tarehe 7 au 22, ucheleweshaji unafika saa nzima kwa siku. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, hushika nguvu siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, kwa hiyo tarehe 2, 3, 16 na 17 ndizo za kwenda mbali. Kalenda ikipishana na mwezi, fuata mwezi.

Kinachowanasa watu ni kutazama pale waliposimama, pakavu, wakaona muda bado upo. Maji hujaza kwanza mikondo iliyo kati yako na ufukwe, nyuma ya mgongo wako. Chukua bamvua ambalo maji hupanda mita 4 toka kupwa hadi kujaa, ligawe mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, kama sentimita 33, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, yaani mita nzima kwa saa. Toka ufukweni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa. Wakati wa kupwa ukifika, geuka, hata kama umemwona pweza mbele yako. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, geuka nusu saa mapema zaidi, maana mawimbi yanasukuma maji juu ya mwamba.

Matlai
Daftarini usiandike "upepo wa wastani", haisaidii baadaye. Funga utepe wa kitambaa kwenye fimbo, andika upepo unatokea wapi. Nguvu yake isome nje ya mwamba, kwa sababu ndani maji yamekingwa. Povu jeupe la hapa na pale ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Likiwa la mara kwa mara, 20 hadi 28. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, siku hiyo mwambani hapaendeki.

Wingu la kuogopa lina kitako cheusi, na chini yake pazia la mvua limeficha upeo wa bahari. Upepo ukikatika ghafla kisha ubaridi ukakupiga usoni, rudi papo hapo. Radi: hesabu sekunde toka mwako hadi ngurumo, gawanya kwa 3, unapata kilomita. Kwenye uwanda ule kitu kirefu ni wewe.

Tundu la pweza utalijua kwa takataka za mlangoni: magamba ya kaa na makombe yaliyosafishwa, yamerundikwa upande mmoja. Usitie mkono, huenda ndani kuna mkunga. Jiwe ukiligeuza lirudishe kama lilivyokuwa. Mayai na viumbe vya upande wa chini hufa kwa jua.

Mwanadaftari
Ahsanteni sana. Jumamosi ikiangukia tarehe 20 je?

Bamvua17
Maji yatakupwa kama saa nane mchana, lakini hayatapwa sana. Baki ufukweni, soma mistari ya majani makavu: wa juu ni wa bamvua lililopita, wa chini ni wa maji ya mwisho kujaa. Pima kwa hatua umbali kati yake, uandike.

Matlai
Na vaa viatu vya soli nene, samaki jiwe, mwenye miba ya sumu, haonekani. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto, kama nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Yajaribu kwanza kwa mkono usioumia, kwa sababu mguu wenye maumivu hautambui unapoungua. Kisha hospitali.