Nimeuziwa mtungi wa hewa wa nyuzi za kaboni uliobakiza miezi mitano: wauzaji, semeni tarehe kabla ya kusema uzito

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ninaishi Ohio, Marekani, na kila Jumamosi hali ya hewa inaporuhusu hucheza peintiboli, ule mchezo wa kulengana kwa bunduki zinazorusha gololi za rangi kwa nguvu ya hewa ya mtungi, na wenzangu, wengi wao wakiwa Wakongo na Wakenya, pamoja na sisi wachache tuliotoka Tanga. Mwezi Aprili 2025 nilikwenda kwenye duka la vifaa vilivyokwishatumika nikiwa na swali moja tu: nibaki na mtungi wangu wa hewa wa chuma, au ninunue wa nyuzi za kaboni? Muuzaji, ambaye ni Mswahili mwenzetu na ni mkubwa kwangu kwa umri, alinijibu kabla sijamaliza kuuliza: "Mdogo wangu, chuma ni mzigo wa bure. Chukua kaboni, utakuja kunishukuru." Nilimlipa dola 140. Leo mtungi huo umelala kabatini na hakuna kituo kitakachokubali kuujaza. Sikuuangusha wala kuukwaruza. Siku ninaununua ulikuwa umebakiza miezi mitano tu ya uhai wake wa kisheria, na aliyeniuzia alilijua hilo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuushika, mtungi wa kaboni ndani yake ni kibuyu chembamba cha alumini kilichozungushiwa nyuzi za kaboni zilizoloweshwa gundi ya epoksi, na juu yake hufunikwa kwa nyuzi za kioo. Karibu nguvu yake yote imo katika zile nyuzi na ile gundi. Hapa Marekani mitungi hii huruhusiwa kwa vibali maalumu vya Wizara ya Uchukuzi, ndiyo maana lebo yake ina maandishi DOT-SP, na mitungi ya aina tunayoitumia uwanjani hupewa umri wa miaka 15 kuanzia mwezi ilipotengenezwa. Ndani ya miaka hiyo, kila baada ya miaka 5, mtungi hupelekwa kwenye kipimo cha maji: huzamishwa ndani ya chombo kilichojaa maji, husukumiwa presha iliyo tano juu ya tatu ya presha yake ya kazi, kisha hutazamwa umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Kwa mtungi wa psi 4500 (psi ni kipimo cha presha), hiyo ni psi 7500. Miaka 15 ikitimia, kipimo hiki cha maji hakiurefushii tena umri, hata mtungi ung'ae kama umetoka kiwandani jana. Mtungi wa chuma au wa alumini hauna ukomo wa namna hiyo; nao hupimwa kila baada ya miaka 5, na maadamu unafaulu kipimo na haujaliwa na kutu wala kubonyea, unaendelea kutumika.

Sasa sikilizeni nilichoambiwa dukani. Niliuliza kuhusu kipimo, kwa sababu hilo nilikuwa nimelisikia kwa wenzangu. Jibu lilikuwa hili: "Kipimo chake kinaisha mwezi wa tisa. Ukifika, unatoa dola arobaini, unapimiwa, unaendelea kucheza miaka mitano mingine." Nilimwamini, kwa sababu aliyasema hayo kwa utulivu na kwa lugha yangu, huku akiufuta mtungi kwa kitambaa.

Mwezi Agosti niliupeleka kwenye kituo cha kupimia mapema, nisije nikabanwa na foleni. Fundi aliugeuza chini ya taa, akapitisha kidole juu ya lebo iliyozama chini ya gundi, akakisimamisha kwenye tarakimu nne ambazo mimi nilikuwa nikizitazama kila wiki bila kuzielewa: 09 10. Septemba 2010. Miaka 15 ilikuwa inatimia mwezi uliofuata. Pembeni kulikuwa na vibandiko viwili vya kipimo, cha 2015 na cha 2020, na fundi akaniambia kwa upole kwamba hakuna kituo chenye leseni kitakachobandika cha tatu. Hakunidai hata senti. Nilipourudisha mtungi dukani, yule kaka aliniambia mauzo yake hayarudishwi, kisha akaongeza, "Nilidhani unajua kusoma lebo." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu yana maana moja tu: yeye alikuwa ameisoma.

Hata hiyo miezi mitano sikuifaidi kama nilivyoahidiwa, na hapa ndipo ninapowalaumu pia baadhi ya wachezaji wakongwe wanaorudia kila siku kwamba kaboni hubeba mara mbili ya chuma. Hubeba, lakini pale tu unapojazwa hadi mwisho. Mtungi wangu wa zamani ni wa inchi za ujazo 48 kwa psi 3000, takribani lita 0.8 kwa bar 207 (bar ni kipimo kingine cha presha). Huu wa kaboni ni wa inchi za ujazo 68 kwa psi 4500, takribani lita 1.1 kwa bar 310. Kompresa ya uwanja tunaochezea inajaza hadi psi 3000, basi. Jumamosi ya kwanza nilisimama kwenye bomba nikaitazama sindano ya geji ikipanda, ikafika 3000, ikatulia hapo, na kijana wa uwanja akachomoa bomba. Tulipofika katikati ya mchezo wa kwanza mtungi ulikuwa umepoa, kwa maana hewa inayojazwa haraka huwa ya moto, na sindano ilikuwa imeshuka chini ya hapo kabla sijapiga gololi nyingi.

Fanyeni hesabu nami. Regyuleta, yaani kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza presha, hupeleka kama psi 800 kwenye bunduki, kwa hiyo hewa iliyo chini ya hapo haina kazi. Gololi zinaanza kudondoka njiani. Kwenye mtungi wangu wa zamani zinabaki psi 2200 za kutumia, ambazo ukizizidisha kwa ujazo wa 48 unapata 105,600. Kwenye kaboni uliojaa kikamilifu zinabaki psi 3700, mara 68 ni 251,600. Lakini kaboni huo huo ukijazwa hadi 3000 tu, unapata 149,600. Yaani nililipia kitu kizima nikatumia kama asilimia 60 yake, na faida yote niliyoipata juu ya mtungi wa zamani ilitokana na ukubwa wa tumbo lake, si na kaboni. Kwa gololi, mtungi wa zamani ulinitosha kumaliza kihopa (chombo cha gololi kilicho juu ya bunduki) cha gololi 200 na mikebe miwili ya akiba ya gololi 140 kila mmoja. Huu mpya uliongeza mkebe mmoja na sehemu ya mwingine. Swali la kwanza ambalo muuzaji mwaminifu angeniuliza ni hili: "Unachezea wapi, na pale wanajaza hadi ngapi?" Hakuniuliza. Alinipa mtungi mkononi nihisi wepesi wake.

Na huo wepesi nao nilikuja kuupima nyumbani kwenye mizani ya jikoni. Tofauti kati ya mitungi miwili, kila mmoja na regyuleta yake, ilikuwa kama gramu 300. Kwa mtu anayebeba bunduki begani kutwa nzima hizo si kitu cha kudharau, ila muuzaji alizungumza kana kwamba nilikuwa nimebeba tofali.

Nikafanya jambo jingine ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nilichukua sumaku ya binti yangu kwenye mlango wa friji nikaibandika kwenye mtungi wangu wa "chuma". Ilidondoka sakafuni. Nikasoma begani mwa mtungi: 3AL. Hiyo ni alama ya alumini. Chuma halisi hugongwa 3AA. Ndugu zangu, kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunaita chuma kitu ambacho si chuma, na madukani hapa Marekani mitungi mingi ya bei nafuu ya psi 3000 ni ya namna hiyo hiyo. Chuma halisi cha lita 0.8 kwa bar 200 utakikuta zaidi Ulaya, hasa Ujerumani. Tofauti hii si ya wapenda maneno. Chuma hushika kutu kwa ndani kikijazwa hewa yenye unyevu, alumini haina kutu ya namna hiyo lakini huharibika kwa joto kali, na kaboni haiogopi unyevu huo kama chuma lakini hudhurika kwa mkwaruzo unaofikia nyuzi na kwa dawa kali zinazomwagika kwenye buti la gari. Mtu anayekuuzia hewa yenye presha kubwa anapaswa kujua ameshika nini, na yule kaka alikuwa akiita chuma mtungi wowote usiokuwa na nyuzi.

Nimefika kwenye jambo ambalo limenikasirisha kuliko dola 140. Nilipomng'ang'ania anirudishie fedha, alinishauri, kama fidia, nifungue regyuleta ya mtungi wa kaboni niifunge kwenye mtungi wangu wa zamani, "kwa sababu nyuzi za skrubu ni zile zile." Ni kweli nyuzi za skrubu ni zile zile, na hapo ndipo ilipo hatari. Kila regyuleta ina kisahani cha usalama upande wa presha kubwa, ambacho hupasuka na kuitoa hewa kabla mtungi haujalemewa. Cha mtungi wa psi 3000 hupasuka kwa psi 5000. Cha mtungi wa psi 4500 hupasuka kwa psi 7500. Mtungi wangu wa alumini umepimwa hadi psi 5000 tu. Ningefuata ushauri ule, kisha siku moja nikaenda uwanja mwingine wenye bomba la psi 4500, na kijana wa bombani akaiona geji yangu inayosoma hadi juu akajaza bila wasiwasi, mtungi ungezidishiwa nusu nzima ya presha yake ya kazi, na kisahani kisingepasuka hata presha ikivuka psi 5000, ukiwa mikononi mwangu, kiwambo cha usoni nikiwa nimekivua, na watoto wamepanga foleni nyuma yangu. Huo ndio ushauri niliopewa na mfanyabiashara kwa ajili ya kumaliza ugomvi wa fedha. Naomba mtu yeyote aliyewahi kushauriwa hivyo aache kuutumia mtungi wake leo na aende kwa fundi.

Sisemi kaboni ni mbaya. Mwenzetu mmoja Mkongo anacheza mashindano kwenye uwanja wenye psi 4500, mtungi wake ni wa 2023, na kwake hakuna mjadala; asirudi kwenye alumini. Kwa mchezaji wa Jumamosi ambaye kompresa yake inaishia 3000, nashikilia kwamba alumini mpya ya dola sitini na kitu, yenye kipimo kipya, inamfaa kuliko kaboni iliyokwishatumika ya bei yoyote iliyovuka miaka kumi.

Ninachodai kwa wauzaji wa Kiswahili, walio hapa na walio kwenye makundi ya simu, ni kitu chepesi kukitekeleza: kila tangazo la mtungi liwe na picha ya lebo au ya bega, inayosomeka, yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa na wa kipimo cha mwisho. Asiyeweka picha hiyo tusimnunulie. Jina la duka sitalitaja kwa sasa, kwa sababu nimempa yule kaka hadi mwisho wa mwezi anirudishie angalau nusu.

Nyongeza: Ndugu mmoja ameniandikia faraghani kwamba niuze mtungi huu kwa mtu wa nyumbani, ausafirishe Mombasa au Dar es Salaam, "kule hawaangalii tarehe." Sitafanya hivyo. Hewa nimeshaimwaga yote, regyuleta nimeifungua, na Ijumaa fundi wa kituo cha kupimia atautoboa mbele yangu.