Mwanangu amemcheka binamu yake mtandaoni: nishaurini

Ndugu zangu wapendwa,

Mwanangu ana miaka 13. Wiki iliyopita binamu yake wa Tanga, mtoto wa kaka yangu, alituma ujumbe wa sauti katika kundi la ukoo akijaribu kutusalimu kwa Kiingereza. Mwanangu aliuchukua, akauongezea vicheko, kisha akausambaza kwa wenzake wa shule hapa Uingereza, hadi jamaa mmoja akaurudisha katika kundi lilelile na mtoto wa watu akausikia. Nimemnyang'anya simu, naye amenyamaza kabisa. Sijui niirudishe lini, wala nimweleze nini kaka yangu.

Mama, Reading

*

Dada yetu,

Pole sana. Binti yetu alipokosea miaka michache iliyopita, nasi tulimpokonya simu kwa mwezi mzima, na hadi leo najutia uamuzi ule. Baadaye mtu asiyemjua alipoanza kumwomba picha kupitia mchezo wa mtandaoni, alikaa na siri hiyo kwa majuma matatu, kwa kuwa alikwisha kujifunza kwetu kwamba anayesema hupoteza simu. Kwa hiyo nakuomba umrudishie, ila baada ya kuketi naye na kumpa kazi ya kurekebisha alichokiharibu.

Ampigie binamu yake yeye mwenyewe, kwa sauti na si kwa maandishi, na amwombe radhi kwa Kiswahili. Watoto wetu waliokulia huku Kiswahili huwakwama kooni, na akitafuta neno asilione ilhali mwenzake anamsubiri kwa subira, atauelewa ujasiri wa yule aliyethubutu kusema Kiingereza mbele ya ukoo mzima. Usimweleze hayo kabla, mwache ayaone. Kisha awaombe wenzake, mmoja mmoja, waufute ujumbe ule, nawe umweleze wazi kwamba kuufuta kwa wote katika WhatsApp hakuzigusi nakala ambazo watu wamekwisha kuzipeleka kwingine.

Tusiwasahau watu wazima. Aliyeurudisha ujumbe kundini ana sehemu yake ya lawama, na sisi wazazi tunabandika picha za watoto wakiwa na sare zenye nembo ya shule, pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa, bila kuwauliza. Nyumbani kwangu sasa picha ya mtoto haitoki mpaka mwenyewe akubali, na mara mbili tumekataliwa, nasi tukatii.

Baba wa watatu, Leicester

*

Shikamooni kaka na dada,

Naongeza mambo mawili. Katika mipangilio ya faragha ya WhatsApp, upande wa makundi, chagueni kwamba ni watu waliomo katika orodha ya majina ya mtoto tu wanaoweza kumwingiza kundini, kwa sababu makundi ya darasa hukua hadi yakawa na watu ambao hakuna anayewajua. La pili ni zito zaidi: ikiwa picha ya utupu ya mtoto aliye chini ya miaka 18 imesambazwa au anatishiwa nayo, hapa Uingereza kuna huduma iitwayo Report Remove, inayoendeshwa na Childline, yaani simu ya msaada kwa watoto, pamoja na Internet Watch Foundation, shirika linalopambana na picha za unyanyasaji wa watoto mtandaoni; huduma hiyo mtoto anaweza kuitumia mwenyewe ili picha hiyo iondolewe. Namba ya Childline ni 0800 1111, na kuipiga ni bure. Wapeni watoto namba hiyo hata kama mnaamini kwamba watawaambia ninyi kwanza.

Mdogo wenu, Cardiff

*

Ahsanteni sana. Amempigia jana usiku. Walianza kwa kunyamaza, kisha nikawasikia wakizungumza karibu saa nzima, nami nikatoka chumbani. Simu nimemrudishia leo asubuhi. Kaka yangu bado ana kinyongo, na ana haki; Jumamosi nitampigia mimi mwenyewe, na yule jamaa aliyeurudisha ujumbe nitazungumza naye kando, si kundini.

Mama, Reading