Kigari cha pembeni: kumzoesha mbwa mpya, na kuendelea kumbeba Simba

GurudumuTatu_MN

Wakuu, salamu.

Chombo ni Ural Gear Up, pikipiki yenye kigari cha pembeni (sidecar), na kigari kiko kulia kwa sababu huku Minnesota, Marekani, tunaendesha upande wa kulia. Simba, mbwa wangu mwenye kiti chake humo kigarini, alifariki mwezi uliopita kwa uzee. Alikuwa na kilo 44 na alikaa kimya kama mzigo uliofungwa. Sasa yupo mbwa jike wa miaka miwili, chotara wa Labrador, kilo 31, ana nguvu na akiona kindi anataka kumrukia. Pikipiki hajawahi kuipanda.

Naomba msaada kwa haya. Afungwe vipi huyu, maana Simba alitosheka na kamba moja? Nianzie wapi kumzoesha? Halafu tangu Simba aondoke, gurudumu la kigari linainuka nikikata kona ya kulia hata kwa mwendo ambao zamani haukuwa na shida. La mwisho ni majivu ya Simba, kola yake na kibati cha jina. Nataka viwe ndani ya kigari kila safari, ila naogopa mtikisiko utaviharibu.

Spana17

Pole sana kwa kuondokewa na Simba.

Naanza na kamba, kwa sababu kosa la hapo ndilo linaloua. Usimfunge mbwa kwa kola ya shingoni ndani ya kigari, hata kama unaenda dukani tu. Akiruka nje, atabaki ananing'inia kwa shingo kando ya gurudumu linalozunguka, na wewe hutajua mpaka usimame. Mvishe mkanda wa mwili unaopita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, wenye pete ya chuma mgongoni. Mikanda mingi ya matembezi ina vifungo vya plastiki ambavyo hupasuka vikivutwa kwa ghafla. Tafuta uliotengenezwa kwa safari za gari, wenye vifungo vya chuma. Ukishaukaza, vidole viwili vipite kati yake na mbavu, visizidi.

Kwa mbwa anayerukia kindi, kamba moja ya katikati haitoshi: ikiwa ndefu ya kumwezesha kulala na kugeuka, inamwezesha pia kuvuka ukingo. Weka kamba mbili, moja kutoka kila upande wa sakafu, zikutane kwenye pete ya mgongoni. Hapo anaweza kukaa, kulala na kugeuza kichwa, lakini akienda kulia, ya kushoto inamshika. Ili kupata urefu, mfunge mbwa wakati injini imezimwa, kisha mtu amwite kwa kipande cha nyama kutoka kila upande. Kifua kikivuka ukingo, fupisha. Usitumie kamba za mpira zinazovutika. Zinamwachia atoke kwanza, ndipo zimrudishe kwa kishindo.

Sehemu ya kufungia isiwe kwenye kiti wala kwenye bati tupu. Toboa sakafu, pitisha bolti ya jicho ya M8 (unene wa mm 8), na chini yake weka kipande cha chuma cha mm 3, upana wa sm 6 kwa 6 au zaidi, halafu nati yenye nailoni ili isilegee kwa mtikisiko. Paka rangi kingo za tundu kabla ya kufunga, vinginevyo kutu itaanzia hapo. Ndoano ziwe za kuzunguka zenyewe ili kamba zisijisokote. Kisha jaribu kuzifungua kwa mkono mmoja ukiwa na glavu. Ukishindwa, badilisha, kwa sababu moto ukitokea au chombo kikipinduka hutakuwa na muda wa kuvua glavu.

Kiti king'oe. Mbwa akikaa sakafuni uzito unashuka, na ukingo unamfika kifuani badala ya tumboni. Tandika mkeka wa mpira na sponji ngumu ya sm 4 au 5. Godoro laini halifai, miguu inazama na mbwa anakosa mizani kila kona.

Kipusa_Leeds

Kaka, pole. Mimi nachukua upande wa mazoezi. Huku Uingereza vigari vyetu viko kushoto, lakini mbwa ni yuleyule.

Siku za mwanzo injini isiwashwe kabisa. Weka kibao cha kukanyagia upande wa nje wa kigari, ule usio na pikipiki, maana upande wa pikipiki kuna silinda na bomba la moshi linaloweza kumuunguza. Apande mwenyewe akifuata chakula. Mlishe humo ndani, mwache ashuke, rudia. Usimbebe wala usimsukume. Mbwa aliyeingizwa kwa nguvu mara moja anaweza kukataa kukisogelea kigari kwa wiki nzima. Wakati huohuo mfundishe amri mbili, "panda" na "subiri". Ya pili ndiyo yenye uzito: hashuki mpaka kamba zifunguliwe na wewe useme. Mbwa anayeruka kila ukisimama kituo cha mafuta atagongwa na gari siku moja.

Miwani ya upepo na kifunika masikio vifanyie mazoezi peke yake, sebuleni, mbali na pikipiki. Sekunde tano, kipande cha nyama, vua. Ukimvisha mara ya kwanza akiwa ndani ya kigari, atachukia vyote viwili kwa pamoja.

Mlio ndio unaohitaji subira. Mtu mwingine awashe injini ukiwa naye umbali wa mita kumi au kumi na tano, yeye anakula. Akila kwa raha, msogeze mita chache siku inayofuata. Chakula ndicho kipimo chako: akikataa kitu anachokipenda siku zote, umekwenda haraka, rudi hatua moja. Dalili nyingine za woga ni kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, masikio kulala nyuma na weupe wa macho kuonekana. Wengi huona miayo wakadhani mbwa ametulia.

Akishakaa ndani injini ikinguruma, tembea gia ya kwanza kwenye uwanja mtupu wa maegesho, mita hamsini, mstari ulionyooka, simama, msifu. Kona zije baadaye, na breki zote ziwe za taratibu. Safari ya kwanza barabarani iwe ya dakika tano na iishie mahali anapopapenda, mtoni au msituni. Isiishie kwa daktari.

Usimpe mlo mkubwa ndani ya saa tatu au nne kabla ya safari. Akiendelea kutapika baada ya safari kadhaa, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia maropitant, dawa ya kichefuchefu cha safari. Usimpe ya binadamu kwa kukisia.

Na blanketi la Simba, kama bado lipo, libaki humo. Kwa mbwa, harufu ya mbwa mwingine aliyekaa mahali kwa utulivu si kitu cha kuogopesha. Akilinusa kwa dakika kumi bila kupanda, mwache alinuse.

FokiNaFremu

Suala la gurudumu kuinuka lina jibu ndani ya swali lako mwenyewe: 44 kutoa 31. Umepoteza kilo 13 upande wa kulia, na hizo 31 zilizobaki zinahamahama. Ukikata kona ya kulia, uzito unakimbilia kushoto, na kitu pekee kinachokishikilia kigari chini ni uzito wake na wa aliyemo.

Ongeza kilo 15 hadi 20 za mzigo usiosogea. Mfuko wa mchanga unatosha, ila uwe chini kabisa, karibu na ekseli ya kigari, upande wa nje, na ufungwe kwa mkanda. Dumu la maji la lita 10 pamoja na sanduku la spana vinaweza kufanya kazi hiyohiyo. 

Kingine ambacho watu hawakitegemei: kigari chepesi kinakaa juu zaidi kwenye springi yake, na hivyo pikipiki inaegemea kushoto kuliko ulivyoipima wakati wa Simba. Ukiona chombo kinavuta kushoto kwenye barabara iliyo sawa, sababu ni hiyo. Legeza springi ya shokapu ya kigari hatua moja, kisha pima upya ukiwa umekaa wewe, na mzigo na mbwa wakiwa ndani. Chukua mabomba mawili yaliyonyooka ya mita mbili, laza moja kando ya magurudumu ya pikipiki na jingine kando ya gurudumu la kigari, pima nafasi iliyo kati yao mbele na nyuma. Mbele iwe ndogo kwa takribani mm 10. Ikizidi sana, tairi italiwa upesi. Ikiwa sifuri au kinyume, chombo kitatangatanga. Pikipiki yenyewe iegemee upande ulio mbali na kigari kwa digrii moja hadi mbili.

Gurudumu likiinuka, usikamate breki ya mbele kwa ghafla na usikate mafuta yote kwa mkupuo. Achia mafuta polepole, nyoosha usukani kidogo kuelekea kushoto, litashuka lenyewe. Jizoeze kwenye uwanja mtupu, kigarini kukiwa na mifuko ya mchanga badala ya mbwa. Kona kali ya kushoto ina hatari yake pia: uzito unalalia pua ya kigari na gurudumu la nyuma la pikipiki linaweza kuinuka. Punguza mwendo kabla ya kona, si katikati yake.

Na kwa vile ni Gear Up, ule mwendo wa magurudumu mawili (injini ikisukuma gurudumu la nyuma pamoja na la kigari) uache kwa theluji, tope na changarawe. Hauna difrensho, yaani gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye lami kavu usukani unakuwa mzito na chombo kinang'ang'ania kwenda moja kwa moja.

DktMifugo_Bremen

Niongeze suala la joto, maana kigari cha bati chenye kioo cha mbele kinageuka sufuria mara tu unaposimama kwenye foleni. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41 yuko hatarini kufa. Dalili ni kuhema kusikokoma, mate mazito, ulimi na fizi nyekundu iliyokolea, kisha kuyumba. Mtoe, mweke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, na aende kwa daktari huku bado anapozwa. Usimfunike kwa taulo lililoloa, linazuia joto kutoka.

Mbwa wa kilo 31 hunywa takribani lita moja na nusu hadi mbili kwa siku ya kawaida. Siku ya safari ya joto beba lita tatu. Simama kila baada ya saa moja hadi saa moja na nusu, anywe na akojoe. Kabla hajakanyaga lami, weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua. Wale wenye pua fupi, kama bulldog na pug, nashauri wasipande kabisa siku za joto.

Kama utavuka kwenda Canada, kumbuka kwamba tangu Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani lazima awe na umri wa miezi sita au zaidi, awe na chipu, na fomu ya CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) iwe imejazwa. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kibebe pia.

GurudumuTatu_MN

Asanteni sana wote. Hesabu ya 44 kutoa 31 sikuwa nimeifikiria. Mchanga nauweka wiki hii. Kuhusu majivu je?

MfuaBati

Pole sana, ndugu. Majivu ya mbwa wa kilo 44 ni takribani lita moja na nusu. Usiyabebe yote. Chombo kinaweza kuibwa, kupinduka au kuungua, na ukiyapoteza hakuna pa kuyapata tena. Weka mengi nyumbani na uchukue kama mililita mia.

Udongo na kioo havifai, vitapasuka. Chukua kopo dogo la chuma kisichoshika kutu au alumini, lenye kifuniko cha kusokota na pete ya mpira. Majivu yaingie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine, na nafasi inayobaki ijazwe kitambaa kizito ili yasipigepige. Zungushia nyuzi za kifuniko tepu nyeupe ya mafundi bomba kabla ya kukaza. Bila hiyo kifuniko hulegea kidogo kidogo na vumbi laini hupenya. Funga kopo kwa klempu mbili zenye mpira ndani ya buti la kigari, mbali na bomba la moshi. Usilifunge kwenye mkingamatope, hakuna panapotikisika kama pale.

Ukitaka kuyazika mengine baadaye, usiyamwage kwenye mizizi ya mti. Yana chumvi nyingi na hali kali ya magadi, yanaweza kuua mche. Changanya na udongo mwingi. Wapo pia wanaochagua makaburi ya wanyama. Lile la Hartsdale, New York, lipo tangu 1896 na lina mnara wa mbwa wa vita uliojengwa 1923.

Kola ibaki ndani ya buti, jua na mvua huila. Usimvishe huyu mpya: akipotea, atakayemwokota atasoma jina lisilo lake. Kibati cha jina nacho usikiache kikining'inia kwenye pete. Pete ya chuma husaga alumini mpaka tundu likatike, na kibati kinaanguka barabarani bila wewe kusikia. Kibandike kikiwa bapa, upande wa nje wa kigari au juu ya kishikio mbele yako. Usitumie skrubu, ncha zake zitatokeza pale mbwa anapoegemea. Tumia tepu ya povu ya akriliki yenye gundi pande mbili: safisha rangi kwa spiriti, hakikisha bati lina joto la nyuzi 10 au zaidi, kandamiza kwa nguvu sekunde thelathini. Inafikia nguvu yake kamili baada ya saa 72, kwa hiyo usioshe kigari kwa mashine ya maji kabla ya hapo.