Maboga ya Sleepy Hollow na mtoto wa miaka minne

Mama Pili
Habari zenu wanajamvi. Mwisho wa Oktoba tutakuwa New York na watoto wa miaka 4 na 9. Mkubwa kang'ang'ania kufika Sleepy Hollow, kijiji cha hadithi ya mzimu wa mpanda farasi asiye na kichwa, na kuona maboga yakiwaka usiku. Hatuna gari. Tushuke kituo gani? Mdogo hataweweseka? Na boga la kuchonga nyumbani, mbona huoza upesi hivyo?

Mzee wa Reli
Dada, hapo pana sehemu mbili, na wengi huzichanganya. Kanisa la kale la Wadachi, makaburi na daraja vya kwenye hadithi viko kijiji cha Sleepy Hollow. Maboga (The Great Jack O'Lantern Blaze) yako kwenye jumba la kale la Van Cortlandt Manor, mji wa Croton-on-Hudson, zaidi ya kilomita 10 kaskazini. Ukishuka Sleepy Hollow usiku ukiwa na tiketi ya maboga mkononi, umeumia.

Pandeni treni ya Metro-North, njia ya Hudson, kutoka kituo cha Grand Central mjini New York. Kijijini shukeni Philipse Manor, lakini treni za haraka hazisimami hapo. Mkipanda hizo, shukieni Tarrytown. Mchana zungukeni makaburini, kisha treni tena hadi Croton-Harmon. Kaeni upande wa kushoto, mto wote mtauona.

Tiketi huuzwa kwa saa maalumu na wikiendi za mwisho wa Oktoba huisha mapema, kwa hiyo nunueni kabla ya kusafiri. Jua huzama karibu saa 12 jioni. Zamu ya kwanza inamfaa mdogo, ila kabla ya giza kuingia maboga hayang'ai sawasawa.

Bint Saidi
Kuhusu majinamizi: kule hakuna wa kuwarukia watu gizani. Ni kutembea kati ya maelfu ya maboga yenye taa, mengine ya bandia ili yadumu msimu mzima. Kinachowaliza watoto ni baridi. Mvalishe nguo tabaka tatu na soksi nzito, na umbebe kwa mbeleko, maana kigari chenye magurudumu madogo kinasumbua gizani.

Huyo wa miaka 9 mwambie kitu kimoja kabla hamjafika: katika hadithi ya Washington Irving ya 1820, mpanda farasi anamfukuza mwalimu Ichabod usiku, na boga halikuchongwa uso. Asubuhi ilionekana kofia ya Ichabod, na kando yake boga lililopasuka, basi. Tena daraja halikumwokoa. Alishavuka ndipo mpanda farasi akamtupia kichwa. Daraja la leo si lile.

Mkipata nafasi ya Philipsburg Manor, shamba la kale lililo hapo hapo Sleepy Hollow, msiipite. Orodha ya mali ya 1750 ilitaja Waafrika 23 waliokuwa watumwa pale, na hilo linanigusa kuliko mzimu wowote.

Fundi Boga
Boga huoza kwa sababu ukungu huingia kwenye nyama mbichi uliyoikata. Toboa chini au nyuma, uache kikonyo. Mfuniko wa juu husinyaa ukadumbukia ndani. Komba hadi ukuta ubaki sentimita 2.5 hivi, na nyuzi zote zitoke, maana zikibaki ndizo huanza kuota ukungu. Loweka robo saa kwenye maji yenye klorini ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4. Liinamishe likauke, kisha paka mafuta ya mgando kwenye kingo. Ukishapaka usiweke mshumaa, mafuta hayo hushika moto. Tumia taa ya betri. Hata hivyo chonga siku mbili tu kabla, na usilipike tena.